Beshte akikuambia siri: Ipi uifunge moyoni, ipi umpelekee mtu mzima?

“Usiambie mtu.”

Umeambiwa maneno hayo mara ngapi muhula huu? Labda ilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Labda ni ndani ya matatu inayotambaa kwenye msongamano wa Namanga Road jioni, ama ni saa nne usiku kwenye WhatsApp, ukiwa umeazima simu ya mama kwa kisingizio cha homuweki.

Na wewe umejibu “sawa, siwezi” mara ngapi, kabla hata hujajua unaahidi kunyamazia kitu gani?

Makala haya ni yako wewe uliye na miaka 11, 13 au 15, iwe unaishi kwenye ploti kule Noonkopir, kwenye ghorofa mtaani Milimani, ama uko bweni mjini Kajiado na nyumbani ni Bissil au Namanga. Ni kuhusu marafiki, siri mnazobebeana, na ile kazi ngumu ya kujikubali wakati mwili wako, sauti yako na hata watu unaokaa nao darasani wanabadilika kwa pamoja.

Mji wa marafiki wapya

Anza na mahali unapoishi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi walikuwa wakipita humo kwenda na kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya jamii iligawanywa, kila familia ikapata hati yake. Viwanda vya EPZ vikafunguliwa jirani Athi River, vipande vya ardhi vikauzwa, na familia kutoka pembe zote za nchi zikaja kutafuta kazi na kodi nafuu kuliko ya Nairobi.

Hiyo historia imo darasani mwako. Aliye kushoto kwako anaongea Kimaasai nyumbani, wa kulia Kikamba, wa nyuma Kiluo au Kisomali, na wote wanakutana kwenye Sheng wakati wa mapumziko. Wengi wenu hamkuzaliwa mtaa mmoja. Kijijini, shangazi na majirani wangekuwa wanajua kila kitu kuhusu wewe tangu siku uliyozaliwa. Hapa mjini, rafiki anajua tu kile ulichoamua kumwambia.

Ndiyo maana siri ina thamani kubwa hivyo. Ukimwambia mtu jambo usilowaambia wengine, umemwambia pia kwamba yeye ni mtu wako. Urafiki wa umri huu unajengwa kwa matofali hayo. Na kwa sababu hiyo hiyo, siri ikivuja, nyumba yote hutikisika. Hata kuhama kunauma zaidi: landilodi akipandisha kodi, beshte wako anahamia Isinya au Syokimau mwisho wa mwezi, na ameondoka na kila kitu ulichowahi kumwambia.

Kwa nini unahisi kila mtu anakutazama

Ukiingia Gredi ya 7, kuna kitu hubadilika kichwani. Juzi ulikuwa unakimbia uwanjani na kaptula iliyoraruka bila wasiwasi. Leo chunusi moja tu kwenye paji la uso inakufanya utake kubaki nyumbani.

Mwanasaikolojia Mmarekani David Elkind aliieleza hali hii mwaka wa 1967. Alisema vijana wa umri wako hutembea wakiwa na hadhira ya kufikirika, yaani kichwani mwako kuna jukwaa na umati, na umati huo unaangalia viatu vyako, nywele zako na jinsi unavyocheka. Shida ni kwamba umati huo umeundwa na wewe mwenyewe.

Kuna jaribio moja maarufu la kuthibitisha hilo. Mwaka wa 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwavalisha wanafunzi tisheti yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, tisheti ambayo kijana wa wakati huo angeona haya kuonekana nayo, kisha kuwaingiza kwenye chumba kilichojaa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwa chumbani wamegundua. Walipoulizwa wale wengine, ni karibu robo tu walioiona.

Fikiria hilo kesho asubuhi ukiwa paredi na soksi zako hazifanani. Nusu ya wale unaodhani wamekuona hawajakuona. Kila mmoja wao yuko bize na jukwaa lake mwenyewe, akijiuliza kama umeona kwamba sauti yake imeanza kukwaruza.

Siri za mwenyewe

Sasa, si kila siri ni sawa. Kuna siri ambazo ni za mwenye nazo, na kazi yako kama rafiki ni kuzinyamazia tu.

Unazijua. Mwenzako amepata hedhi kwa mara ya kwanza akiwa darasani. Kijana bado anakojoa kitandani na ndiyo sababu hataki kujiunga na safari ya skauti. Nyumbani kwa rafiki yako wamefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Baba yake alifutwa kazi na siku hizi anakunywa. Kuna anayempenda mtu fulani wa darasa jingine na anaona haya. Kuna asiyeweza kusoma vizuri na hujifanya anaumwa na kichwa kila mwalimu anapotaka mtu asome kwa sauti.

Hakuna anayeumizwa na wewe kunyamaza hapo. Anayeweza kuumizwa ni mwenye siri, na ni pale tu utakapoisema. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Umefanywa kata, basi usigeuke kipaza sauti.

Kuna siri nyingine katika kundi hili ambayo hata sheria inailinda. Ukijua kwamba mwenzako anameza dawa za kudhibiti virusi vya HIV, huna ruhusa ya kumtangaza. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake. Mtoto anayemeza dawa kila siku kwa wakati ule ule anaendelea kusoma, kucheza mpira na kukua kama wewe. Kinachomfanya aache dawa mara nyingi ni hofu ya kuonekana akizimeza bwenini. Ukimchunga wakati anakunywa maji yake, bila kuuliza maswali, umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Na kunyamaza kunahitaji mbinu, kwa sababu watu watakuuliza. Usiseme “naijua lakini siwezi kukuambia”, maana hapo umeshauza nusu ya siri na kila mtu ataanza kukisia nusu iliyobaki. Sema tu “muulize mwenyewe” kisha badilisha stori.

Mbogi, simu na ile picha ya skrini

Ukweli ni kwamba siri nyingi hazivujishwi na adui. Zinavujishwa na rafiki aliyekuwa na watu watatu pembeni yake na akatamani kuwachekesha.

Watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha jambo hili mwaka wa 2005 kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Wachezaji wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao, hawakuwa wazembe sana. Walipowekwa pamoja na wenzao wakiwatazama, walianza kuendesha kwa hatari zaidi. Watu wazima hawakubadilika, wawe peke yao au na marafiki. Kwa hivyo mtu mzima akikuambia “tumia akili”, kumbuka kwamba akili unayo. Ila ukiwa na mbogi, akili hiyo hiyo inafanya hesabu tofauti.

Hesabu hiyo ndiyo inafanyika kwenye grupu la darasa. Mmoja anapiga picha ya skrini ya mazungumzo ya siri, anaituma kwa watu wawili “tu”, na kabla bando halijaisha watu arobaini wameshaiona. Ukifuta kwako, kwao ipo.

Hapa uwe makini. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018 inafanya kusambaza picha za utupu au za faragha za mtu kuwa kosa, na kumsumbua mtu mtandaoni pia ni kosa. Na picha ikiwa ni ya mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, mambo yanakuwa mazito zaidi, hata kama wewe mwenyewe hukuipiga. Usidhani udogo wako ni kinga kamili. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kama umefika hapo, unaweza kuitwa kujieleza.

Ikikufikia, dawa ni rahisi kuitamka na ngumu kuifanya: usiitume mbele. Ifute, kisha umwandikie aliyeituma maneno matatu tu: “Hiyo si poa.” Huna haja ya hotuba. Mara nyingi kuna wengine watano kwenye grupu waliokuwa wakingoja mtu mmoja aseme hivyo.

Kama wewe ndiye uliyevujisha, mwendee mwenye siri ana kwa ana kabla hajasikia kwa wengine. Mwambie ulisema nini, ulimwambia nani, na kwamba hukuwa na haki. Usianze na “lakini na wewe pia”. Anaweza kukusamehe leo, mwaka ujao, ama asikusamehe kabisa. Huo ni uamuzi wake.

Na kama ni siri yako iliyoanikwa, wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Mtafute mtu mmoja wa kula naye chakula cha mchana. Mmoja tu anatosha kukuvusha.

Moran hali peke yake

Kwenye kaunti yenu kuna somo la urafiki ambalo halihitaji kuagizwa kutoka mbali. Kwa mila ya Wamaasai, vijana waliotahiriwa kipindi kimoja huwa rika moja maisha yao yote. Jina la rika linawafuata hadi uzeeni. Na moran, kwa desturi, hali chakula peke yake. Anasubiri wenzake ndipo wale pamoja.

Unaweza kuwa wewe si Mmaasai, ama wewe ni Mmaasai uliyekulia ghorofani Kitengela na lugha unaisikia tu kwa nyanya. Wazo lenyewe bado lina maana kwako. Rika linakushika kwa sababu mlipitia jambo moja pamoja, mkaona hofu ya kila mmoja, na hakuna aliyegeuza hofu ya mwenzake kuwa kichekesho. Darasa la Gredi ya 9 linaweza kuwa rika la namna hiyo, ama linaweza kuwa genge la kuchekana. Tofauti inaletwa na mambo madogo: nani anamwachia nani nafasi mezani, nani anacheka wakati mwenzake amekosea kusoma, nani anabaki nyuma kumsubiri anayefunga kamba za viatu.

Lakini rika lina upande wake mzito pia. Linaweza kukudai ufanye kitu kwa sababu tu wote wamekifanya. Hapo ndipo tunafika kwenye siri za aina ya pili.

Siri ambayo haifai kubebwa

Chukulia hivi. Ni wiki ya mwisho ya muhula wa tatu. Rafiki yako amekuwa kimya siku nzima. Mnapovuka barabara anakuambia kwamba Desemba hii hatabaki mjini, atapelekwa kwa nyanya, na amemsikia mama akiongea na shangazi kuhusu “sherehe”. Anakuambia anajua ni nini. Halafu anasema, “Usiambie mtu.”

Hapo utafanya nini?

Kuna msichana wa Kajiado aliyewahi kubeba siri kama hiyo, na leo dunia inalijua jina lake. Nice Leng’ete alizaliwa mwaka wa 1991 na kulelewa Kimana, kusini mwa kaunti, karibu na Mlima Kilimanjaro. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo. Alikuwa na miaka kama 8 ilipopangwa kwamba yeye na dada yake wakeketwe. Alikuwa amewaona wasichana wakikeketwa, wanaacha masomo na kuozwa. Hakutaka.

Alimwambia mtu mmoja tu, dada yake. Wakaamka kabla ya mapambazuko, wakatoroka na kujificha juu ya mti. Baadaye walipatikana, wakaadhibiwa. Siku ilipopangwa tena, Nice alitoroka tena, ila safari hii dada yake alibaki. Dada alikeketwa, na akaolewa akiwa bado mtoto.

Tulia hapo kidogo. Watoto wawili wa nyumba moja walikuwa na siri moja na hofu moja, lakini maisha yao yakaenda njia mbili. Siri ya kujificha ilimwokoa Nice kwa siku chache. Kilichomwokoa kwa maisha yake yote ni kwamba hatimaye ilisemwa kwa mtu mzima mwenye sauti. Alizungumza na babu yake, akamwambia kwamba akilazimishwa ataondoka asirudi. Babu akakubali aachwe.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Familia nyingine ziliwakataza binti zao wasicheze naye, kwa kuwa alionekana amewaaibisha wakubwa. Alipoteza marafiki kwa kukataa. Lakini alimaliza sekondari, na wasichana wadogo wakaanza kumfuata kumuuliza alifanyaje. Alijiunga na shirika la Amref Health Africa, akarudi kuzungumza na wazee na wamorani wa jamii yake, kwanza wakikataa hata kukaa naye. Baadaye wazee walimpa fimbo nyeusi ya uongozi, heshima ambayo wanawake hawapewi, na akahutubia baraza la wazee chini ya Kilimanjaro. Mwaka wa 2018 jarida la Time lilimtaja miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Amref inakadiria kwamba maelfu ya wasichana wamevuka kuingia utu uzima kwa sherehe mbadala, zenye baraka, nyimbo na mafunzo, bila kisu.

Mambo yamebadilika kwa jumla pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 1998 ulipata kwamba asilimia 38 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa. Mwaka wa 2014 ilikuwa asilimia 21, na 2022 ikawa 15. Lakini wastani wa nchi haumsaidii msichana mmoja ambaye sherehe yake imepangwa Desemba.

Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji inasema mambo mawili ambayo vijana wengi hawayajui. La kwanza, anayejua kwamba ukeketaji umepangwa na akakosa kuripoti, naye ana kosa. La pili, kumtusi au kumdharau msichana kwa sababu hajakeketwa ni kosa, lenye adhabu ya kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua Sh50,000, ama vyote viwili. Lile jina baya mnalomwita mwenzenu bwenini mkicheka linaweza kuwapeleka mahakamani.

Kipimo cha maswali matatu

Ukeketaji ni mfano mmoja. Siri nzito ziko za aina nyingi: mjomba au jirani anayemshika mwenzako vibaya, mtu mzima anayemtumia pesa kwa simu na kumtaka anyamaze, kipigo cha nyumbani, mimba, dawa za kulevya, au rafiki anayesema hataki kuishi tena. Unajuaje kwamba umefika kwenye siri ya aina hii?

Jiulize maswali matatu. Kuna mtu anaumizwa, au ataumizwa? Kuna mtu mzima ndani ya siri hii anayetaka mtoto anyamaze? Na je, nikikaa kimya na jambo likatokea, nitaweza kujieleza kwangu mwenyewe? Ukijibu ndiyo kwa swali la kwanza au la pili, ama hapana kwa la tatu, hiyo si siri ya kubebwa na mtoto.

Najua unachoogopa. Unaogopa kuitwa msaliti. Unaogopa kwamba beshte wako hatakusemesha tena. Inawezekana kabisa akakukasirikia, na kwa muda mrefu. Lakini mara nyingi mtu anayekuambia jambo zito na kumalizia na “usiambie mtu” anajaribu kitu. Anataka kuona kama dunia itaanguka akilisema. Amekuchagua wewe kwa sababu wewe ndiye mlango wa kwanza.

Mwambie ukweli kabla hujaenda popote: “Hii ni kubwa kutushinda sisi wawili. Sitaitangaza shuleni, lakini lazima tumwambie mtu mzima mmoja. Tuende pamoja, ama niende peke yangu. Chagua.” Usitoroke kimyakimya kwenda kusema, mpe nafasi ya kutembea nawe. Ila kama maisha yake yako hatarini leo, usimwache peke yake na usisubiri akubali.

Nani wa kuambiwa? Chagua mtu mzima ambaye hayumo ndani ya tatizo. Inaweza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha, mama wa rafiki, muuguzi wa zahanati, kiongozi wa dini, chifu au afisa wa watoto wa eneo lenu. Kama wa kwanza atakwambia “hayo ni mambo ya wakubwa”, nenda kwa wa pili. Usiishie hapo.

Na kama huna wa kumwendea, piga 116. Ni simu ya watoto ya Childline Kenya, bila malipo, mchana na usiku. Kwa dhuluma za kijinsia kuna 1195, nayo ya bure. Shirika la Msalaba Mwekundu lina 1199 kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye akiwa amelemewa. Ziandike nyuma ya daftari la hesabu. Hakuna atakayejua kwa nini.

Na ile siri yako mwenyewe

Imebaki siri moja, ile ambayo hujamwambia yeyote. Kwa wengi wenu si ya hatari. Ni ya aibu tu: rangi yako, urefu wako, kigugumizi, sikio lisilosikia vizuri, sare iliyochakaa, mama anayeuza mboga kando ya lango la shule na wewe hupita upande wa pili wa barabara ili wenzako wasijue.

Aibu ina tabia ya kulishwa na giza. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alifika Bungeni akiwa na suti nyeupe yenye doa jekundu. Alieleza kwamba aliliona doa hilo kabla ya kuingia, na akaamua asirudi nyuma kwa kuwa yeye hutetea wasichana wasidharauliwe kwa sababu ya hedhi. Alitolewa ndani akabadilishe nguo, na nchi nzima ikabishana. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lakini siku hiyo kina baba waliokuwa hawajawahi kutamka neno hedhi walilitamka kwenye meza ya chakula. Sodo za bure shuleni zimo kwenye sheria tangu 2017, na bado kuna msichana anayekosa masomo siku nne kila mwezi kwa kuogopa doa tu.

Lupita Nyong’o, aliyekulia Kenya na kushinda Oscar mwaka wa 2014, alisimulia mwaka huo huo kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi ngozi yake imekuwa nyeupe zaidi. Asubuhi alikimbilia kioo, na kila siku alikuta ni yeye yule yule. Baadaye, mwaka wa 2019, alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana mwenye ngozi nyeusi kama usiku. Jina hilo kwa Kijaluo ni nyota.

Kujikubali hakuji kwa siku moja, na si lazima upende kila kitu kwenye kioo. Anza kidogo. Chagua mtu mmoja aliyewahi kukutunzia jambo dogo na hukulisikia kwingine. Mwambie sehemu ndogo ya lile kubwa. Subiri uone anafanya nini nayo wiki hiyo. Akiitunza, mpe kidogo zaidi. Urafiki mzuri hupimwa hivyo, kijiko kwa kijiko, na asiyepita kijiko cha kwanza bado anaweza kuwa mtu wa kucheza naye mpira.

Jaribu pia kinyume chake. Wiki hii, mtu akianza kukuambia jambo na sauti yake ikashuka, weka simu chini. Usimkatize na hadithi yako. Na kabla hajasema “usiambie mtu”, mwambie mapema masharti yako: “Nitaitunza, ila kama kuna mtu anakuumiza, tutaenda pamoja kutafuta msaada.” Akiendelea kuongea baada ya kusikia hivyo, basi ujue kwamba anakuamini kweli.